Foku ya hewa: oili kwanza, pampu baadaye

Lalamiko linalosikika zaidi kuhusu foku ya hewa, yaani shokapu ya mbele ya baiskeli ya milimani, ni kwamba imekuwa ngumu. Dawa yake karibu kila gereji ni ileile: punguza hewa. Hewa ikipunguzwa, mikono hupata nafuu kwa siku chache, kisha foku inaanza kuzama mno ukishika breki, inagonga mwisho kwenye mashimo, na vijiwe vidogo bado vinapiga viganja kama zamani. Hewa ilikuwa haina kosa. Hewa ndiyo springi, kazi yake ni kubeba uzito wako. Ulaini kwenye vijiwe vidogo unatoka kwenye mililita chache za oili zilizo ndani ya miguu ya chini ya foku, na oili hiyo husahaulika kwa sababu haionekani wala haina geji.

Mfano wetu hapa ni foku za RockShox zenye mabomba ya juu ya mm 32 na mfumo wa Solo Air, yaani Recon na Reba. Hizi zimefungwa kwenye baiskeli nyingi za bei ya kati, na nyingine zinaingia kwetu kwenye makontena ya mitumba kutoka Ulaya. Ukizielewa hizi, foku za kampuni nyingine, Fox, hazitakusumbua sana. Tofauti zake nitazitaja zinapohusika.

Ukiwa umekaa kwenye baiskeli, mguu wa kushoto ndio wenye hewa na wa kulia ndio wenye dampa, yaani mfumo wa oili unaozuia foku isirudi juu kwa kishindo. Ndani ya bomba la kushoto kuna pistoni yenye sili. Juu yake kuna chemba kubwa ya hewa inayokubeba, na chini yake chemba ndogo inayosukuma upande wa pili ili foku ianze kuzama kwa urahisi. Kwenye Solo Air chemba hizo mbili hujazwa kwa valvu moja iliyo juu, kwa kupitia kijinjia kidogo ambacho hufunguka pistoni inapopita sehemu fulani ya bomba. Nje ya hayo yote kuna miguu ya chini, inayoteleza juu ya mabomba kwa bushi, yaani pete za ndani zinazoyashika mabomba. Mdomoni kuna sili za vumbi, na chini ya sili kuna pete za sponji zilizolowa oili. Sponji zikikauka, bushi zinasuguana na bomba kavu. Huo ndio ugumu unaolalamikiwa.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Shika breki ya mbele, sukuma usukani taratibu kwa uzito wa mkono tu. Foku yenye oili huanza kuzama bila kusita. Foku kavu hukwama kidogo, kisha huachia ghafla, na kabla ya kuachia ukitazama mdomoni mwa sili unaweza kuona bomba halijasogea hata milimita. Foku yenye hewa nyingi haikwami hivyo. Inaanza vizuri ila haifiki mbali. Anayejua tofauti hiyo ameshamaliza nusu ya kazi.

RockShox wanataka miguu ya chini ihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Fox wanasema saa 125 au mara moja kwa mwaka. Saa 50 zinasikika nyingi, lakini mtu anayeendesha saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, anazimaliza ndani ya wiki tano. Kwa anayepita lami tu sioni ubaya wa kuzisogeza mbele. Kwa anayepita vumbi jekundu la kiangazi, hapana: vumbi lile ni laini mno, linaganda kwenye oili mdomoni mwa sili, na linageuka msasa. Mashine za presha za kuoshea magari ni mbaya zaidi. Maji yake yanapita sili za vumbi bila shida, yanakaa kwenye sponji, na ukifungua miguu unakuta oili imekuwa rangi ya maziwa. Foku inataka ndoo, kitambaa na maji ya kawaida.

Vifaa vya huduma hii si vingi: alenki ya mm 5, nyundo ya mpira, sirinji ya mililita 10 kutoka duka la dawa, vitambaa visivyoacha nyuzi, spiriti ya kusafishia, chombo cha kukingia oili chafu, na washa mpya za bolti za chini. Ongeza toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ukiweza kuipata. Usisafishie petroli, inavimbisha raba. WD-40 nayo haifai kama kilainishi cha foku. Inasafisha grisi iliyokuwepo na baada ya muda foku inakuwa kavu kuliko mwanzo.

Kuhusu oili, kila modeli ina namba na kiasi chake, na kitabu cha huduma kinapatikana bure kwenye tovuti ya RockShox kwa namba ya utambulisho (serial number) iliyochapwa nyuma ya kichwa cha foku. Fox nao huweka herufi na tarakimu nne kwenye mguu wa chini. RockShox za zamani zilitumia oili ya uzito wa 15 (uzito hapa ni kipimo cha unene wa oili) kwenye miguu, za karibuni zinatumia 0W-30 ya sintetiki; Fox wana oili yao nzito ya uzito wa 20. Kwa sehemu ambako oili hizo hazifiki, oili ya shokapu za pikipiki yenye uzito wa 10 au 15 inapatikana popote penye boda boda, nayo inafanya kazi vizuri kwenye miguu ya chini, maana pale oili inalainisha tu. Ndani ya dampa ni habari nyingine. Dampa imepimwa kwa oili ya wepesi maalumu, na ukibadilisha wepesi huo, virekebishaji vyote vinapoteza maana. Oili ya breki ya DOT isikaribie foku kabisa, inakula sili.

Kazi yenyewe inaanza kwa kutoa hewa. Andika kwanza psi (kipimo cha presha) zilizokuwemo, kisha bonyeza ncha ya valvu kwa kitu chembamba huku ukikandamiza foku mara kadhaa hadi isibaki hata pumzi moja. Hatua hii haina njia ya mkato: bolti ikifunguliwa hewa ikiwa ndani, miguu inaweza kuruka. Ondoa gurudumu la mbele na kaliba ya breki, uvifiche mbali. Tone moja la oili kwenye diski au pedi na breki imekwisha. Pedi zilizonyonya oili ni za kutupa.

Ng'oa kitufe chekundu cha kurekebisha kurudi kilicho chini ya mguu wa kulia. Kwenye nyingi kinavutwa kwa vidole, kwenye baadhi kuna skrubu ndogo. Legeza bolti zote mbili za chini kwa mizunguko mitatu au minne tu, usizitoe. Acha alenki ndani ya bolti, ipige kwa nyundo ya mpira mapigo makavu mawili matatu hadi usikie bolti imerudi ndani. Kinachofanyika hapo ni kuachanisha shafti (fimbo ya ndani inayoshikwa na bolti) na mguu, maana zimebanana. Fundi anayetoa bolti yote kisha akagonga kwa bisibisi ndiye anayeharibu uzi wa shafti. Baada ya hapo toa bolti, kinga oili, na vuta miguu chini kwa mikono miwili. Isipotoka, rudisha bolti kidogo ugonge tena. Usigonge ule upinde unaounganisha miguu miwili. Ni wa magnesi na unapasuka.

Oili inayotoka inakueleza mengi. Ikiwa nyeusi kidogo, ni kawaida. Ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chembe zinazometa, bushi au bomba linalika. Ikitoka nyingi mno upande wa kulia, zaidi ya ile iliyowekwa, sili ya chini ya dampa inavuja na oili ya dampa imehamia mguuni. Na kama haikutoka hata tone, basi umepata jibu la ule ugumu.

Safisha mabomba kwa spiriti. Ndani ya miguu, viringisha kitambaa chenye spiriti kwenye kijiti kirefu upitishe hadi chini, mara kadhaa, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Sponji unaweza kuzitoa kwa ncha butu bila kung'oa sili. Zikamue, zioshe kwa spiriti, ziache zikauke kabisa, kisha zilowanishe kwenye oili mpya hadi zishibe. Mdomo wa sili ukiwa umechanika au mgumu kama plastiki, badilisha sili zote mbili. Zinang'olewa kwa spana bapa iliyoegemea kitambaa kinene, na mpya zinasukumwa kwa bomba la plastiki lenye upana sawa na ukingo wa sili, moja kwa moja bila kuinama. Sili iliyoingia mshazari itavuja wiki hiyohiyo. Ndani ya mdomo paka grisi ya sili kidogo, ile laini inayotengenezwa kwa ajili ya foku. Grisi ya beringi za gari ni nzito, inashika vumbi na kuongeza msuguano.

Kabla ya kurudisha miguu, vuta shafti zote mbili zitoke hadi mwisho, la sivyo bolti hazitazifikia. Ingiza miguu taratibu, ukihakikisha mdomo wa sili haukunjiki, hadi bushi za juu zishike mabomba lakini shafti hazijafika kwenye matundu. Inamisha baiskeli matundu ya bolti yaangalie juu kwa mshazari, kisha ingiza oili kwa sirinji kupitia kila tundu. Kwa nyingi za familia hii ya foku ni kati ya mililita 5 na 10 kwa kila mguu, kutegemea modeli na mwaka. Sukuma miguu hadi mwisho, shafti zionekane kwenye matundu, futa, funga bolti zenye washa mpya kwa 7.3 Nm. Washa hizi zinabonyezwa ili kuziba. Zikitumiwa mara ya pili zinavuja, na kukaza zaidi ili kuzuia uvujaji ndiko kunakokata bolti.

Wapo wanaodhani oili mara mbili ni bora. Oili haibonyezeki. Kadiri inavyojaza mguu, ndivyo nafasi ya hewa iliyofungwa mle inavyopungua, na foku inapozama hewa hiyo inapanda presha haraka kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake foku haimalizi mwendo wake, na hatimaye sili za vumbi zinatema oili.

Sasa pampu. Inayotakiwa ni pampu ya shokapu, yenye mpira, geji na kidole kidogo cha kupunguzia hewa, na nyingi hufika psi 300. Valvu ya foku ni aina ileile ya gari na pikipiki, kwa hiyo kishawishi cha kompresa ya kituo cha mafuta ni kikubwa. Achana nacho. Chemba ya foku ni ndogo kiasi kwamba pumzi moja ya kompresa inavuka kipimo kabla hujaona sindano ya geji ikisogea, na pampu ya miguu ya matairi inapoteza hewa ukiitoa bila wewe kujua imepoteza kiasi gani.

Pampu ya shokapu nayo ina tabia inayowachanganya wengi. Ukiifunga kwenye foku yenye psi 80, geji inaweza kuonyesha 70, kwa sababu sehemu ya hewa imehama kujaza mpira wa pampu. Foku haikuwa inavuja. Na mlio wa "fyuu" unapoifungua ni hewa ya mpira huo, si ya foku. Kwa hiyo usipime foku kila asubuhi ukilalamika kwamba inashuka, unaishusha wewe. Ukifunga pampu, jaza hadi kipimo chako, ufungue, basi.

Jaza hadi kipimo, toa pampu, kisha kandamiza foku mara tano hadi kumi, izame angalau robo ya mwendo wake. Hapo ndipo hewa inapopita kwenye kile kijinjia na kujaza chemba ya chini. Funga pampu tena, utakuta kipimo kimeshuka kweli, jaza upya, rudia hadi kitulie. Asiyefanya hivi anaondoka na foku iliyosimama juu, ngumu mwanzoni, kisha inabadilika njiani. Zile za zamani za Dual Air zina valvu mbili, ya chini ikiwa kwenye mguu wa kushoto: jaza ya juu kwanza, halafu ya chini. Kutoa ni kinyume, chini kwanza, vinginevyo foku inajivuta na kufupika.

Psi ngapi? Kibandiko kilicho nyuma ya mguu ndicho cha kuanzia, na cha jirani yako hakikuhusu. Mtu wa kilo 70 anaweza kuhitaji zaidi ya psi 100 kwenye Reba ya zamani na karibu psi 70 kwenye Fox 34, maana ukubwa wa chemba unatofautiana. Baada ya kibandiko, hakimu ni mzamo: kiasi foku inachozama kwa uzito wako tu. Vaa kofia, begi, chupa za maji zijae. Sukuma ile oringi iliyo kwenye bomba hadi iguse sili. Kama haipo, funga kamba ya plastiki isiyobana. Panda polepole ukiegemea ukuta, simama kwenye pedeli kama unavyosimama kwenye mteremko, shuka bila kutikisa, pima. Foku ya mm 100 ya mbio za nyikani inataka mm 15 hadi 20. Ya mm 120 karibu 24. Ya mm 140 ya njia mbovu unaweza kufika 35. Rekebisha kwa psi 5 kila mara. Ukibadilisha hewa, rekebisha na kasi ya kurudi, maana hewa nyingi inarudisha foku kwa nguvu zaidi. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi mfululizo, foku inayorudi polepole mno haiwahi kunyooka kabla ya tuta linalofuata; inazama hatua kwa hatua hadi inakaa chini na kuwa ngumu kabisa. Hili nalo hulaumiwa hewa, wakati dawa yake ni kufungua kitufe chekundu mibofyo miwili.

Swali la safari za kupanda juu linakuja mara kwa mara, na jibu lake lina mzunguko. Hewa ya nje pwani ni karibu psi 14.7, Iten kwenye mita 2,400 ni karibu 11. Geji inasoma tofauti kati ya ndani na nje, hivyo foku ya psi 80 ya Mombasa ingeonekana imepanda kwa karibu psi 4 kule juu. Lakini Iten ni baridi: ukitoka nyuzi 32 ukaamkia nyuzi 15, baridi inashusha kiasi kikubwa kidogo kuliko hicho, na hesabu inarudi karibu psi 78. Chemba ya hewa basi haina tatizo. Linalobaki ni hewa iliyofungwa ndani ya miguu ya chini, ambayo kwenye foku nyingi haina njia ya kutokea. Kama sili zinabana vizuri, tofauti ile kwenye mabomba mawili ya mm 32 inasukuma miguu kwa nguvu ya karibu kilo 4, na unaihisi kama ugumu wa mwanzo. Fox 36 na 38 za karibuni zina vitufe vya kuiachia. Kwa nyingine, safisha mdomo wa sili vizuri, penyeza kamba nyembamba ya plastiki yenye ncha iliyolainishwa kati ya sili na bomba, usikie pumzi ikitoka, uichomoe. Si jambo la kufanya kila wiki.

Hewa ikipotea kweli, anza na kitu cha bei ndogo. Mate au povu la sabuni kwenye valvu. Kiini cha valvu kinakazwa kwa kifaa kilekile cha mafundi wa pikipiki. Kama povu halitoi mapovu pale wala pembeni mwa kifuniko cha juu, hewa inavuja ndani. Foku ikijivuta na kufupika, imepita pistoni ikaingia chemba ya chini. Ikibaki ndefu lakini haimalizi mwendo, huku sili za vumbi zikitema oili, imepita sili ya chini ikaingia miguuni. Foku hiyo ifunguliwe kwa tahadhari zaidi, maana valvu ya juu haiwezi kuimaliza hewa ile. Hali zote mbili zinataka kit ya sili za hewa na koleo ya sakilipu (pete ya chuma ya kufungia). Ukipaka grisi kwenye pistoni, tandaza nyembamba tu. Donge la grisi likiziba kijinjia kile, chemba mbili hazitasawazishana tena na utafungua foku yote upya.

Mikwaruzo kwenye bomba nayo inaogopwa isivyo. Sili ya hewa inakimbia ndani ya bomba, kwa hiyo mkwaruzo wa nje hautoi hewa. Kinachofanywa na mkwaruzo huo ni kuvujisha oili na kukata mdomo wa sili ya vumbi. Pitisha ukucha: ukikwama, jaza rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke kabisa, sugua kwa msasa wa maji wa namba 2000. Recon Silver ina mabomba ya chuma yaliyopakwa kromu, na pwani chumvi inaanza kutoboa kromu mahali penye mkwaruzo. Reba ni aluminiamu, haipati kutu hiyo.

Kwenye foku ya mtumba, vaa macho ya mnunuzi mgumu. Shika breki, weka kidole mdomoni mwa sili, tikisa mbele na nyuma. Ukisikia mchezo hapo, bushi zimelika, na kubadilisha bushi kunahitaji vifaa ambavyo gereji nyingi hazina. Mchezo ukiwa juu kwenye kichwa cha fremu, ni beringi tu. Zungusha kitufe chekundu mwisho hadi mwisho huku ukikandamiza: kasi ya kurudi isipobadilika, dampa imekufa au oili imekwisha. Dampa ya Motion Control ya RockShox ni oili iliyo wazi ndani ya bomba, ya uzito wa 5, na fundi makini mwenye kitabu anaiweza. Dampa za FIT4 za Fox na Charger za RockShox zinataka kutolewa hewa yote kwa utaratibu wake, na bila vifaa hivyo bei ya foku ishuke ipasavyo. Hata ikipita vipimo vyote, ihesabu kuwa kavu. Bei ya sili, sponji, washa na oili iingie kwenye mazungumzo kabla ya kulipa, na isiendeshwe hata siku moja kabla ya kufunguliwa miguu.